Siku moja maishani mwangu: mishahara asubuhi, kwaya usiku

Kuna watu wananiuliza hiyo kwaya ya kazini mnaimba saa ngapi na kazi mnafanya saa ngapi, sasa nimeamua niandike siku nzima ilivyokwenda, tarehe 30 Aprili, siku ya tamasha letu la mkesha wa Mei Mosi. Mi ni mhasibu msaidizi kwenye kiwanda kimoja cha magodoro Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, naishi Gongo la Mboto, naimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake. Utambulisho umeisha.

Saa 10 na nusu alfajiri

Mvua. Sio manyunyu, mvua yenyewe ya masika ile inayokufanya ujiulize kama barabara bado ipo. Nachemsha tangawizi, nakunywa ya moto moto, mwalimu wetu wa kwaya amepiga marufuku maji baridi wiki nzima na hakuna anayembishia. Sare ya kitenge nimeikunja ndani ya khanga alafu nikaisukumia kwenye begi, viatu vya tamasha juu yake, miguuni nimevaa yeboyebo maana najua matope ya kituoni.

Saa 12 kasoro

Daladala. Nimepata siti ya dirishani ambalo halifungi, kwa hiyo bega la kushoto limeshaoga mara ya pili. Natoa karatasi ya nota. Kama hujawahi kuona nota za solfa ni herufi tupu, d r m f s l t, zimetenganishwa na nukta mbili mbili na vistari, juu soprano, chini yake alto, alafu "tena" yaani sauti ya juu ya wanaume, alafu besi, na imetolewa kopi ya kopi mpaka huwezi kujua hii ni nukta au ni uchafu wa mashine. Soprano wao wanapanda wanashuka, wanafurahia maisha. Alto sasa: s, s, s, s, tunakaa kwenye so mpaka mstari unaisha, tunagusa f kidogo, tunarudi kwenye so. Niliwahi kumuuliza mwalimu mbona unatutesa, akasema toeni hiyo so muone kama hao soprano wenu watajua wako wapi. Basi nikawa naimba chinichini so so so so mpaka konda akaniambia dada kama unaomba dua tuombee na foleni ya TAZARA.

Saa 1 na nusu asubuhi

Kazini. Sasa hapa ndio mjue ubaya wa tarehe 30 Aprili. Kesho ni Mei Mosi, benki zimefungwa, na mfanyakazi gani atakubali kusherehekea sikukuu ya wafanyakazi bila mshahara? Kwa hiyo faili la mishahara lazima liende benki leo kabla ya saa nane mchana, liwe sahihi, na wakubwa wawili waweke saini. Nafungua Excel. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 kwa mfanyakazi na 10 ya mwajiri, kodi kwa anayezidi laki mbili na sabini elfu, ovataimu za watu wa zamu ya usiku, alafu kuna barua ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu imeleta majina mapya ya wadaiwa, hao wanakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sio ya kinachobaki, ya mshahara wa msingi. Naingiza jina moja moja. Majina mengine nayajua sauti zake, huyu ni tena, huyu besi, huyu alikuja mazoezi mara moja akaona tunarudia mstari mmoja nusu saa hajarudi tena.

Kazi ya mishahara inakufanya ujue kila mtu anapata shilingi ngapi, na kwenye kwaya nasimama nao bega kwa bega. Kuna dada wa kushona foronya, mshahara wake naujua na sitausema, ila sauti aliyonayo yule, aisee, meneja mzima anasubiri yeye aingie ndio na yeye aingie.

Saa 4

Chai. Kantini kuna chapati na maharage, na mama wa kantini ni alto mwenzangu, kwa hiyo chapati yangu huwa nene kidogo, msiseme.

Wageni huwa wanadhani kwaya hii ilianzishwa na ofisi. Wala. Ilianzia misibani. Tuna mfuko wa kufa na kuzikana, mwenzetu akifiwa linatoka gari la kampuni tunaenda, na msibani huwezi kukaa kama gogo, mtu anaanzisha wimbo, wengine wanapokea, baada ya misiba kadhaa watu wakajikuta kumbe sauti zinakaa. Mpaka leo kiingilio cha tamasha, buku mbili kwa mkubwa na watoto bure, kinaingia kwenye mfuko huohuo. Na sababu ya misiba ndio hiyohiyo ya kutokuwa kwaya ya dini, kwenye msiba wa Kiislamu unaimba nini? Unanyamaza, unasaidia kupika. Nusu ya besi yetu ni Waislamu, mwezi wa Ramadhani mazoezi tunasimamisha, na nyimbo tunazoimba ni za kazi, za ngoma za makabila, na anazotunga mwalimu. Mwaka huu ametunga ya kofia ngumu na barakoa kwa ajili ya tarehe 28 Aprili, siku ya usalama na afya mahali pa kazi. Ukisikia maneno yake utacheka, "vaa glavu kaka, vidole havioti", ila watu wa mitambo wanaiimba kama sala. Wao wanajua. Povu la godoro likishamiminwa linaumuka lenyewe linakuwa bloku kubwa kuliko chumba changu, na ndani yake linachemka kweli, lazima lilazwe peke yake mpaka lipoe, ukilibananisha na mengine unaweza kuunguza kiwanda.

Saa 7 na robo

Faili limeenda. Saini ya pili imepatikana baada ya kumfuata mhusika mpaka kwenye gari lake. Nafungua simu nakuta grupu la kwaya linawaka moto.

Mwalimu wetu wa kwaya ni dereva wa lori. Na leo, siku ya tamasha, amepangiwa kupeleka mzigo Morogoro. Tulilalamika wiki nzima, jibu ni kwamba mteja hangoji kwaya. Ameondoka usiku wa manane ili awahi kurudi, na saa hizi yuko Chalinze, mvua, malori yamesimama. Ametuma voisi noti ya dakika tatu. Hakuna salamu. Kwanza anatoa do, alafu anaimba mstari wa tena wote peke yake, kwa nyuma unasikia waipa inapiga kioo na honi za watu, alafu anasema, "Tena, mnashusha mwisho wa mstari wa pili. Msishushe. Nikifika nikikuta mmeshusha naondoka na lori langu." Tena wote wakajibu sawa mwalimu. Meneja wa mauzo naye ni tena. Na yeye akaandika sawa mwalimu, huyohuyo ambaye idara yake ndio imetuma huo mzigo Morogoro. Nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa.

Saa 9 alasiri

Ghala. Hatuna ukumbi, tunaimbia ghalani, na ghala la bati lina mwangwi, ukisema "a" linakujibu "aaa" wakati wewe umeshafika "b". Dawa yake ni magodoro. Vijana wa foklifti wanasogeza paleti, tunasimamisha magodoro ya inchi nane ukuta mzima wa nyuma na pembeni, na mwangwi unakufa pale pale. Sijui kumbi za Ulaya wanatumia nini, sisi tuna sponji.

Wakati tunapanga yuko mzee wetu mmoja, mstaafu wa stoo, bado anaimba besi, maana kanuni yetu ukistaafu hutolewi, na jirani wa Vingunguti akitaka kuimba anaingia tu. Yeye hapangi godoro, yeye anakaa juu yake anahadithia. Anasema nyie mnajiona wa kwanza, enzi zetu kazi na muziki vilikuwa nyumba moja, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo pale Ubungo, Bima Lee ya shirika la bima, mpiga gitaa yumo kwenye orodha ya mishahara kama karani. Kijana wa foklifti akauliza, kwa hiyo walikuwa wanalipwa kuimba? Mzee akasema kila mwisho wa mwezi. Wote wakanigeukia mimi. Jamani mi naingiza tu namba, sipangi mshahara wa mtu.

Saa 11 jioni

Lori limeingia getini! Yaani watu walipiga vigelegele kama ameletwa bibi harusi. Mwalimu ameshuka na fulana imelowa, akaomba maji ya moto, hakukaa hata dakika tano. Tukasimama, midomo mm-mm-mm, mabega juu chini, alafu moja kwa moja tena peke yao.

Wakashusha.

Alinyamaza. Akamsogelea meneja wa mauzo karibu kabisa, akamwambia kwa upole, "Kaka, wewe usiimbe kwanza. Sikiliza wenzako mara mbili, alafu uingie." Na meneja akanyamaza kweli, mikono nyuma, anasikiliza vijana wa kukata povu wanaimba, mara ya tatu akaingia na ikakaa. Kwenye kikao cha Jumatatu huyo mtu hajawahi kumsikiliza mtu mara mbili, nawaapia.

Saa 1 usiku

Tulisubiri Magharibi ipite, watu wakaswali, ndio tukaanza. Watoto wamejaa mbele wamekaa juu ya mabango ya karatasi, majirani, wake na waume za watu, mpaka yule mama wa mihogo wa getini amefunga biashara amekuja. Ratiba ilikuwa Wimbo wa Taifa, alafu wimbo mmoja wa polepole sana ambao tumeuhangaikia tangu Januari. Wimbo wa Taifa ukaenda vizuri, na mi huwa naupenda kwa sababu ya alto yake, huyo Enoch Sontonga aliyetunga tuni yake Afrika Kusini mwaka 1897 alikuwa mwalimu wa shule na wa kwaya, aliandika kwa solfa hizihizi, nadhani alikuwa na huruma na sisi.

Tunavuta pumzi tuanze ule wa polepole, mvua ikashuka. Asiyejua mvua juu ya bati la ghala ajue kwamba mtu wa pembeni yako akipiga kelele unaona mdomo tu unatembea. Dakika moja baadaye umeme nao ukakatika. Kinanda kimekufa, maiki imekufa, giza, watoto wanashangilia, maana watoto umeme ukikatika ni sherehe.

Sasa hapa ndio nilimwelewa mwalimu wetu. Hakubishana na mvua. Wakawasha taa za foklifti mbili zikatumulika kutoka ubavuni, yeye akawapungia watu wasogee, sogeeni, mpaka safu ya kwanza ikawa inakanyaga viatu vyetu. Alafu akaonyesha ishara ya jembe. Tukajua ni bugobogobo, ile ngoma ya kulima ya Wasukuma, ambayo ilikuwa ya kufungia. Kijana wa foklifti kutoka Magu akaruka mbele, ngoma zikaanza, hiyo haihitaji kinanda wala maiki, ilishawahi kuimbwa shambani kwenye upepo. Mvua inapiga juu, sisi tunapiga chini, miguu yote pamoja, vumbi la ghala linapanda, mzee mstaafu ameshusha mgongo analima kwelikweli, nikawa naogopa kiuno chake. Tukaunganisha na ya glavu na kofia ngumu, watu wakaidaka kiitikio mara ya kwanza tu, "vidole havioti!", watoto wanaonyesha vidole juu.

Mvua ilipopungua ikabaki inadondoka kwenye mifereji tu, hapo ndio akarudi kwenye wimbo wa polepole. Bila umeme. Akatoa do kwa mdomo, tukachukua sauti, na nikakaa kwenye so yangu nikiwasikia tena nyuma yangu wanakuja mwisho wa mstari wa pili, na nikasema moyoni sasa, sasa. Hawakushusha. Mwalimu hakucheka wala nini, alipandisha nyusi mara moja basi, lakini meneja wa mauzo mpaka kesho anaongelea hizo nyusi.

Saa 3 na nusu usiku

Umeme umerudi tukiwa tunaondoa magodoro, kama kawaida yao. Soda na maandazi, mahesabu ya kiingilio nimeyafanya mimi juu ya boksi maana nani mwingine, hela imefungwa kwenye bahasha na kusainiwa na watu watatu. Kesho saa 12 asubuhi tunakutana na fulana na kofia za Mei Mosi kwa ajili ya maandamano, na ule wimbo wa mshikamano unaoimbwa mmesimama, na wote tutakuwa tumekauka sauti. Mjadala getini ni ule ule wa kila mwaka, Rais atatangaza nini kesho. Mwaka 2025 pale Singida alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka 370,000 kwenda 500,000, sisi wa viwandani tukapiga makofi kwa niaba ya wenzetu.

Nimeshika begi natoka, fundi mmoja kijana wa mitambo, besi mzuri tu, ananifuata na simu mkononi inamulika.

"Dada samahani, mshahara umeingia, asante. Ila mbona kama umepungua?"

"Bodi ya Mikopo."

Akatazama simu, akanitazama mimi, akatazama simu.

"Eti mi nilijua wameshanisahau."