Kadi ya grafiki kwenye kompyuta ya ofisi na joto la Dar: nilivyoipata inayoingia na isiyochemka

Kila niliyemuuliza ninunue kadi gani ya grafiki alinijibu vilevile: "Chukua RTX 3060, kaka, utakuja kunishukuru." Hakuna aliyeuliza inakwenda kukaa kwenye kesi (boksi la kompyuta) gani, pawa saplai (kile kifaa cha ndani kinachogawa umeme) ina wati ngapi, wala kama chumbani kwangu kuna AC au pangaboi tu. Imeniudhi kiasi cha kuandika, maana tuko wengi wenye hizi kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya ambazo Kariakoo zimejaa.

Yangu ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, na naitumia kuhariri video za harusi na send-off. Prosesa ni ya kizazi cha 4 cha Intel, bado inafanya kazi. Pawa saplai yake ni ya wati 290 na haina waya hata mmoja wa kulishia kadi. Ukitaka kuweka pawa saplai ya kawaida unakuta bodi mama inatumia plagi ya pini 8 badala ya 24, kwa hiyo uanze tena kusaka adapta. Sasa RTX 3060 inakula wati 170, na tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye bodi, lenyewe linatoa wati 75 basi. Kinachozidi hapo lazima kije kwa waya, na waya sina.

Fundi mmoja akaniambia hilo si tatizo, atanifungia kiungio cha kutoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulishia diski, kwenda plagi ya pini 6 ya kadi. Nilikataa palepale. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye laini yake ya volti 12, wakati pini 6 zinaweza kuvuta mpaka 75. Plastiki inayeyuka, na ikiyeyuka usiku mashine ikiwa inarenda (inatengeneza video ya mwisho) yenyewe, utaamka na moshi.

Kwenye vipimo ndiko nilikofanya kitu ninachojivunia mpaka leo. Nilichukua boksi la biskuti nikatengeneza kadi ya bandia. Urefu, kimo na unene nilivitoa kwenye tovuti za watengenezaji, maana kila kampuni inatoa umbo lake hata kama chipu ni ileile. Nikakata vipande, nikavigandisha kwa gundi mpaka vikafika unene wa nafasi mbili, kama sentimita 4 hivi. Halafu nikaongeza kitu ambacho wengi hawakikumbuki: kipande kidogo juu yake badala ya plagi ya umeme, pamoja na sentimita tatu nne za waya kupinda. Boksi la sentimita 30, urefu unaokaribiana na wa kadi nyingi za feni tatu, halikuingia hata kwa kulazimisha. La sentimita 24 liliingia, lakini kwa kile kipande cha plagi ubavu wa kesi ukagoma kufunga. Nikawa nakata kidogokidogo, najaribu, nakata tena, mpaka nikabaki na la sentimita 18 lisilo na plagi juu, ambalo liliingia vizuri na kuacha nafasi kati yake na nyaya za diski.

Nikaenda nalo Kariakoo kwenye mfuko. Muuzaji wa kwanza akanipa kadi yenye feni mbili, "Bosi, hii inaingia kokote." Nikalaza boksi langu juu yake: kadi ikazidi kwa upana wa vidole vitatu. Mwenyewe akairudisha kabatini bila neno.

Duka jingine wakanisifia Radeon RX 6400. Kwa umbo ni nzuri kweli, wati 53 na haihitaji waya. Lakini haina kisimbaji cha H.264 ndani yake, yaani sehemu ya kubana video kwenda muundo huo unaotumika sana, na mimi kila siku natoa faili za H.264 za wateja. Isitoshe inatumia njia nne tu za data za PCIe, kwa hiyo kwenye bodi ya PCIe 3.0, toleo la zamani, kama yangu inapungua kasi. Kwa mtu wa kazi yangu, hapana. RTX 3050 nayo iangalieni kwa makini: yenye kumbukumbu ya GB 6 iliyotoka 2024 ni ya wati 70, ya GB 8 ni ya wati 130, na muuzaji anazitaja kwa jina lilelile.

Nikaishia GTX 1650 iliyotumika, ya GB 4, feni moja, wati 75, laki mbili na nusu na kitu. Hata hiyo ziko zenye tundu la pini 6, kwa hiyo geuza uangalie. Sikulipa mpaka waichomeke kwenye mashine ya dukani nikafungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi. Kadi ikiwa ya kughushi, chipu ya zamani iliyobandikwa jina jipya, programu hiyo inaandika neno FAKE mbele ya jina. Feni niliizungusha kwa kidole kusikiliza kama inakwaruza.

Joto sasa. Vipimo vingi vya mitandaoni hufanyiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Chumba changu Februari kinafika 32, kwa hiyo nyuzi kama kumi naziongeza mwenyewe juu ya kila namba ninayosoma. Kadi ilikuwa inapita 80 nikirenda. Ushauri niliopewa ni kuacha ubavu wazi na kuelekeza feni ya kusimama. Nilijaribu. Joto lilishuka kidogo tu, ila vumbi lilijaa kwenye mapezi ya kupozea ndani ya muda mfupi, na kwa sisi tulio karibu na bahari ule upepo wa chumvi si rafiki wa vyuma. Nikafunga.

Kilichosaidia ni kutoa vile vibati vya nyuma chini ya kadi ili hewa ya moto ipate pa kutokea, kuinua mashine kutoka sakafuni kwenye kigoda, na kuingia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, nikashusha kiwango cha umeme hadi asilimia 85. Hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi kubwa. Sasa inacheza kwenye 70 na kidogo, feni haipigi kelele, na tofauti ya muda wa kurenda siioni.

Wenye zile kesi nyembamba, tafuteni kadi fupi kwa kimo, yaani low profile, na kabla ya kutoa hela ombeni kile kibati kifupi cha nyuma kinachoishikilia kadi kwenye kesi. Kadi zilizotumika mara nyingi huja na kirefu tu, na kifupi kikishapotea kukipata peke yake ni kazi.