Andikeni kwa Ajili ya Mtihani, Lakini Msiamini

Katika shule nyingi za sekondari hapa Nyanda za Juu Kusini, mada ya mageuzi ya binadamu, yaani jinsi binadamu alivyotokana na viumbe wa kale, hufunguliwa kwa tahadhari kubwa. Mwalimu wa historia wa Kidato cha Kwanza, kabla hajaandika ubaoni jina la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai, huwatuliza wanafunzi kwa kuwaambia kwamba mambo haya ni ya kujibia mtihani tu, na kwamba ukweli wenyewe wanaujua kutoka kanisani au madrasani. Mada inaporudi Kidato cha Nne katika baiolojia, maneno ni yaleyale. Mimi ni mwalimu wa baiolojia mkoani Mbeya, na ni mshirika wa Kanisa la Moravian tangu utoto wangu. Kwa nafasi zote mbili, naona maneno hayo yanawadhuru watoto wetu kuliko ugomvi wowote wa wazi ambao tungeweza kuwa nao.

Marekani waligombana waziwazi. Mwaka 1925, katika jimbo la Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha mageuzi ya binadamu, na mabishano ya aina hiyo yameendelea kufika mahakamani kwao hata katika karne hii. Sisi hatuna kesi wala maandamano. Serikali imeiweka mada kwenye muhtasari, mwalimu anaifundisha huku akiikana, mwanafunzi anakariri hatua za binadamu kuanzia Australopithecus, anapata alama zake, na kila mtu anakwenda nyumbani kwa amani. Lakini tujiulize mtoto amejifunza nini. Amejifunza kwamba sayansi ni maneno ya kukariri, na kwamba si vibaya kuandika jambo unaloliona kuwa uongo, mradi upate alama. Sijui ni dini gani inayofundisha hivyo.

Swali linaloulizwa karibu kila mwaka ni hili: "Mwalimu, kama tulitokana na nyani, mbona nyani wa leo hawageuki kuwa watu?" Darasa hucheka, na mwalimu ambaye hakujiandaa hucheka nao, kisha anasonga mbele. Ni swali zuri, tena lina jibu. Hakuna mwanasayansi anayesema kwamba tumetokana na nyani hawa tunaowaona wakivamia mashamba ya mahindi. Kinachosemwa ni kwamba binadamu na sokwe wana asili moja ya zamani sana, na kwamba kila ukoo ulishika njia yake. Sehemu ya ushahidi wa historia hiyo ndefu imetoka hukuhuku kwetu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kipande cha taya chenye meno kilichopatikana katika Bonde la Rukwa, cha kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 25 iliyopita, wakakipa jina la Rukwapithecus. Ni miongoni mwa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, vya kale kabisa vya jamii hiyo vilivyowahi kupatikana popote duniani, na wanafunzi wetu wengi hawajawahi kulisikia jina hilo.

Wala si lazima kuishia kwenye majina magumu. Isimila iko kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara ya kuja Mbeya. Ukishuka kwenye korongo lile unayakuta mashoka ya mawe yaliyochongwa pande zote mbili hadi kupata ncha, mengine mazito kiasi kwamba unajiuliza aliyeyatumia alikuwa na mkono wa namna gani. Ukiangalia kingo zake kwa karibu, unaona kila mahali palipopigwa na kipande kikabanduka, pigo baada ya pigo, kazi ya mtu aliyejua anachokitafuta ndani ya jiwe. Wanaakiolojia walichimba hapo mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapata pia mifupa ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya jiwe lile hahitaji kuambiwa aamini au asiamini. Anahitaji kuelezwa linakadiriwaje umri, na nani angeweza kulichonga.

Halafu lipo Ziwa Masoko wilayani Rungwe, ziwa dogo lililo ndani ya kreta ya volkano, ambalo kwangu ndilo somo bora kuliko yote. Humo wanaishi samaki wa jamii moja na perege. Madume wa karibu na ufukwe wana rangi ya manjano, na wale wa kwenye kina kirefu, ambako mwanga ni hafifu, wana rangi ya buluu iliyoiva, na vyakula vyao navyo vinatofautiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba makundi hayo, yenye asili moja, yalianza kutengana katika kipindi cha miaka 500 hadi 1,000 iliyopita. Si mamilioni ya miaka, na si Ulaya. Ni Rungwe, katika muda ambao baadhi ya koo zetu husimulia habari zake.

Najua hofu ya wazazi, na siidharau hata kidogo. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata baada ya kikao cha wazazi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, nakuomba usimwondolee mwanangu Mungu." Nilimjibu, "Mzee wangu, Mungu wa mwanao si wangu kumwondoa, nami ni Mungu wangu pia." Tulizungumza kwa kirefu. Nilimkumbusha kwamba kanuni za urithi tunazofundisha Kidato cha Nne zilitokana na njegere alizopanda mtawa, Gregor Mendel, kwenye bustani ya monasteri. Nilimweleza pia kwamba Papa Yohane Paulo II, mwaka 1996, alikiri kuwa mageuzi ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mwanadamu yatoka kwa Mungu moja kwa moja. Hatukumaliza tofauti zetu. Yeye anasoma Kitabu cha Mwanzo neno kwa neno, nami sisomi hivyo, na Jumapili tunaimba nyimbo zilezile. Mwalimu anayewadhihaki wanafunzi kwa sababu ya imani yao naye simtetei. Huyo anaharibu kwa upande wa pili, na wazazi wana haki ya kumlalamikia.

Ninachowaomba walimu wenzangu, wa historia na wa baiolojia, ni kuliacha lile onyo la kufungulia mada. Kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, na mchungaji au shehe hufika kufundisha bila kuingiliwa na mtu. Katika kipindi chetu tuonyeshe ushahidi, tueleze umepatikanaje na wapi bado wataalamu wanabishana. Mwanafunzi ambaye hajashawishika aandike "wanasayansi wanaeleza kwamba", kisha aeleze kwa usahihi na apewe alama zake zote, kwa sababu mtihani unapima kama ameelewa hoja, na haumtaki akiri imani yoyote.