Bima ya Paa la Kanisa Nisilosali

Katika orodha ya gharama ambayo wakili alinitumia kabla sijatia saini mkataba wa nyumba, chini kidogo ya ada ya usajili wa ardhi, palikuwa na malipo ya bima dhidi ya ukarabati wa kanisa la kale, yaani ya kumkinga mwenye nyumba asije akadaiwa gharama za kukarabati kanisa la parokia. Mimi ni Mlutheri wa Moshi ninayeishi Warwickshire, Uingereza, na kanisa hilo sijawahi kuingia hata siku ya harusi. Fedha yenyewe haikufika pauni hamsini, lakini iliniuma kuliko ada zote, kwa sababu kwetu hata mchango uwe wa lazima namna gani, angalau mzee wa kanisa huleta bahasha yenye namba yako na kuuliza habari za watoto.

Deni hili limo katika jengo lenyewe. Makanisa ya parokia ya Uingereza ya zama za kati yaligawanywa sehemu mbili: upande wa magharibi ukumbi wa waumini, na upande wa mashariki, ng'ambo ya tao la mawe na kiambaza cha mbao zilizochongwa, sehemu ya madhabahu. Ukumbi ulitunzwa na waumini. Sehemu ya madhabahu ilikuwa juu ya paroko, kwa kuwa ndiye aliyekula zaka ya nafaka na ya kondoo pamoja na mashamba ya kanisa. Mgawanyo huo wa mifuko huonekana hata leo kwa macho. Kule Lavenham, Suffolk, matajiri wa nguo za sufu na ukoo wa de Vere walijenga ukumbi mpya wenye madirisha mapana na mnara wa mita 43 hivi mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa ya 16, lakini sehemu ya madhabahu ikaachwa ile ile ya karne ya 14, imeinama nyuma ya ukumbi huo. Nakiri kwamba ni jengo zuri mno, hata kwa mtu aliyekasirika.

Tatizo lilianza pale nyumba za watawa zilipojitwalia zaka za parokia nyingi, pamoja na wajibu wa paroko wa kukarabati. Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba hizo kati ya 1536 na 1540, ardhi na zaka zake ziliuzwa kwa watu wasio makasisi, na wajibu wa kukarabati ukafuata mali. Karne zikapita, mashamba yakagawanywa na kuuzwa tena na tena, wajibu ukabaki.

Asiyeamini asome kesi ya Aston Cantlow, kijiji cha humu humu Warwickshire. Mume na mke waliokuwa na shamba hapo walidaiwa matengenezo ya sehemu ya madhabahu iliyojengwa karne ya 13. Walishinda katika Mahakama ya Rufani mwaka 2001, wakashindwa mwaka 2003 mbele ya majaji wa Baraza la Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, na kufikia 2007 gharama za ukarabati pekee zilihesabiwa karibu pauni 187,000, mbali na za mawakili. Shamba wakaliuza.

Sheria ya usajili wa ardhi ya 2002 ilipunguza makali: tangu Oktoba 13, 2013, wajibu usioandikishwa kwa kawaida haumbani mnunuzi mpya aliyeilipia mali hiyo. Hata hivyo mawakili bado wanauza bima. Kwa hiyo wewe unayepanga kununua nyumba huku, usidhani ukishakuwa na malipo ya awali mambo yamekwisha. Muulize wakili kwanza kama wajibu huo umeandikwa kwenye hati, na kama haumo, akueleze bima ni ya nini. Nami nilipotaka kwenda kumuuliza kasisi mwenyewe kama nyumba yangu inadaiwa, niliambiwa nisithubutu, kwa kuwa masharti ya bima za namna hii kwa kawaida yanakataza kuigusia parokia habari hiyo. Nimelipia paa la kanisa, na kuliulizia nimekatazwa.