Fondanti ya kukanda mwenyewe kwenye joto la Dar
Jamani, fondanti ya dukani (ile sukari laini kama donge ya kuvika keki) mimi na yeye basi. Keki ya sendofu ya mdogo wangu nimeivika niliyokanda mwenyewe.

Kijiko kikubwa cha jelatini ya ng'ombe (mashangazi lazima waulize kama ni halali) nililoweka kwenye robo kikombe cha maji baridi mpaka ikavimba, nikaiyeyusha juu ya mvuke. Isichemke, itapoteza nguvu. Nikatia nusu kikombe cha glukosi (ile nzito kama asali), kijiko cha gliserini na viwili vya mafuta ya mgando, nikamimina kwenye sukari ya unga ya aisingi iliyochekechwa, kama kilo moja hivi. Mwanzoni inanata vidole vyote, unatamani kuitupa! Paka mafuta mikononi, endelea kukanda. Inalainika, ukiivuta inakuja bila kukatika. Ifunge vizuri kwa nailoni, ilale mpaka kesho.

Gliserini ndiyo inazuia isikauke ikapasuka, ila kwa unyevu wa Machi punguza. Rangi tumia ya jeli, ya maji inailegeza. Na keki ikishavikwa, friji sahau: ikitoka tu inatoa jasho, maua yote yanateleza.

Wa oda, njooni inboksi.