Siku moja maishani mwangu: mkemia wa kobalti

Ndugu zangu wa Lubumbashi wakisikia kwamba nashughulika na kobalti huku Ujerumani, hudhani natengeneza betri. Siwalaumu, maana zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka kwetu Kongo, na habari zake karibu zote ni za betri. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa kemia, na ninachotafuta ni kichocheo cha kobalti, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, kitakachoongeza hidrojeni kwenye molekuli nyingine, kazi inayofanywa vizuri na rodiamu na iridiamu, metali adimu na za bei kubwa.

Saa mbili asubuhi nimeshavaa koti na miwani, pampu ya ombwe inanguruma, na mtego wa baridi, unaonasa mivuke kabla haijafika kwenye pampu, umezungukwa na nitrojeni ya kimiminika.

Saa tatu nakwenda kwenye kisanduku cha glavu, sanduku lisiloingiza hewa ambalo mtu hufanyia kazi ndani yake kwa glavu zilizoshikizwa ukutani mwake, ambamo oksijeni inatakiwa kuwa chini ya sehemu moja kwa milioni. Kipimo kinaonyesha zaidi ya ishirini. Mwenzetu mmoja ameingiza boksi la karatasi za kufutia ambazo hazikukaushwa, akafungua mlango wa ndani kabla ya ombwe kukamilika, kisha akaenda kunywa kahawa. Hakuna la kufanya ila kuacha gesi izunguke kwenye shaba inayonasa oksijeni na kutazama namba ikishuka pole pole, huku ligandi yangu, molekuli ya kushikamana na metali, iliyonigharimu wiki nzima, ikikaa kwenye chupa iliyozibwa. Hicho ndicho kipande cha kazi ambacho hakionekani kwenye picha za maabara zenye vimiminika vya rangi rangi: mtu mzima amekaa kwenye kigoda, hasira zimemjaa, anasoma namba. Mwenzetu aliporudi aliuliza kama kuna tatizo.

Saa sita imepita ndipo ninapoanza. Ligandi hiyo huitwa koleo, kwa kuwa fosforasi mbili na nitrojeni iliyo kati yake huibana kobalti sehemu tatu kwa pamoja. Juu yake naongeza oksidi ya nitrojeni, NO, ambayo ndiyo inayonivutia: ikishika metali kwa kunyooka huhesabiwa kuipa metali elektroni tatu, ikipinda moja tu, kwa hiyo kwa kupinda yaweza kufungua nafasi ya molekuli nyingine kushika. Gesi hii ina masharti yake. Ikikutana na hewa hugeuka kuwa moshi wa kahawia wenye sumu, na ikizidi huendelea kushambulia kile kile nilichokitengeneza. Kwa hiyo naisafisha kwa kuipitisha kwenye potasi kali, kisha naipima kwa sirinji, mililita 12 kwa nusu milimoli, bila kupumua sana.

Mchana ukaishia hapo. Kuchuja, kuosha kwa pentani, kukausha. Mikono ndani ya glavu nene imekufa ganzi. Jioni, sijui saa ngapi, spektra ya infraredi ilionyesha mstari mmoja mkali juu ya 1,700 kwa sentimita, ambao kwa kawaida huashiria NO iliyonyooka, nami nilifurahi peke yangu kwenye chumba kisicho na dirisha. Spektra ya fosforasi, ya mwangwi wa sumaku wa viini (NMR), ilikuwa pana na butu, kwa sababu kiini cha kobalti hutanua mistari ya jirani zake, kwa hiyo bila fuwele ya kupigwa eksirei ili umbo la molekuli lionekane, hakuna profesa atakayeniamini. Ili fuwele ziote, nimeweka myeyusho kwenye friza ya kisanduku, nyuzi 35 chini ya sifuri, na nimebandika mlangoni karatasi inayokataza boksi zisizokaushwa.