Kupanga nyumba Mwanza: anza na barabara, nyumba itafuata

Kila ninaposikia mtu amepata uhamisho wa kuja Mwanza, najua swali litakalofuata: mtaa gani ni mzuri wa kupanga? Huwa silijibu kabla sijajua atakuwa akifanya kazi wapi, kwa sababu mtaa unaomfaa muuguzi wa Hospitali ya Bugando unaweza kumchosha mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe hadi akaichukia kazi yake, hata kama nyumba ni nzuri na kodi ni nafuu. Mimi nilihamia hapa kikazi nikitokea Dodoma, ambako ardhi ni tambarare na umbali hupimwa kwa kilomita tu. Mwanza haipimwi hivyo, na hilo ndilo jambo ambalo mgeni anapaswa kulielewa kabla hajampigia dalali simu.

Jiji limekaa kati ya ziwa na vilima vya mawe, kwa hiyo halikupata nafasi ya kutanuka pande zote kutoka katikati. Limefuata njia tatu zilizoruhusiwa na miamba. Barabara ya Kenyatta inatoka mjini kwenda kusini kupitia Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani hadi Buhongwa, kisha inaendelea Usagara na Shinyanga. Barabara ya Nyerere inakwenda mashariki kupitia Mabatini, Buzuruga, Nyakato na Igoma kuelekea Kisesa na Musoma. Barabara ya Makongoro inapanda kaskazini kupitia Kirumba, Pasiansi, Sabasaba na Ilemela hadi uwanja wa ndege. Sensa ya 2022 iliikuta Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazobeba jiji, zikiwa na watu zaidi ya milioni moja na laki moja, na ukisimama mjini saa moja asubuhi utaona jinsi njia hizo tatu zinavyowamwaga watu hao mahali pamoja.

Maana yake ni kwamba mtu anayeishi Igoma na kufanya kazi Nyegezi, ingawa kwenye ramani anaona sehemu hizo mbili haziko mbali sana, kwa kawaida atapanda daladala hadi mjini, atashuka, atatembea hadi kituo kingine, kisha atapanda gari la pili lililokwisha kujaa. Jioni atarudia safari hiyohiyo kinyume. Zipo njia za kukatisha: barabara ya Sabasaba–Kiseke–Buswelu imewasaidia sana watu wa upande wa Ilemela, na ile ya Buhongwa–Igoma inaunganisha kusini na mashariki bila kugusa mjini. Hata hivyo, kabla hujaitegemea njia ya kukatisha, ipite mwenyewe kwa usafiri utakaoutumia, katika saa utakayoitumia. Mwenye gari, mwenye pikipiki na anayepanda daladala hawaishi katika jiji moja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye familia ni kwamba kazi na shule ya watoto viwe kwenye barabara moja na nyumba. Ikishindikana, shule ipewe kipaumbele, kwa kuwa mtu mzima anaweza kuvumilia kubadilisha magari lakini mtoto wa darasa la pili hawezi kuachwa ahangaike na makondakta katikati ya mji. Nimeona wazazi wakichagua nyumba kwa sababu ya vigae na jiko la kisasa, halafu mtoto analazimika kuamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi la shule linalozunguka nusu ya jiji.

Upande wa Kenyatta unawafaa wenye shughuli vyuoni, katika stendi ya Nyegezi, au wanaosafiri mara kwa mara kwenda Shinyanga, Geita na Kagera. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, hesabu ya upande huu imebadilika kabisa: zamani mtu mwenye kazi Sengerema alilazimika kupangilia siku yake kulingana na foleni ya kivuko, na sasa kuna wanaoishi Buhongwa au Usagara na kuvuka ghuba kwa gari bila kusubiri chochote. Naamini kodi za maeneo hayo zitaendelea kupanda, na anayetaka kiwanja badala ya kupanga asingoje sana. Kwa upande wa Malimbe na Nyegezi, kumbuka kwamba wanafunzi ndio wenye soko. Vyumba vizuri vinakwisha chuo kinapofunguliwa, na wenye nyumba wengi wamejenga vyumba vya mtu mmoja mmoja, si nyumba za familia.

Upande wa Nyerere una viwanda vya Nyakato, masoko yenye vyakula vya bei nafuu, na malori mengi. Ukipata nyumba iliyoingia ndani kidogo kutoka barabara kuu, utaishi vizuri kwa pesa ndogo kuliko sehemu nyingine nyingi. Upande wa Makongoro ndio ninaoupenda zaidi, nakiri kuwa na upendeleo, kwa sababu ya Kiseke, Nyasaka na Bwiru, ambako bado kuna nafasi kati ya nyumba na nyumba na upepo wa ziwa unafika. Anayeangalia Kirumba ajue tu kwamba mwalo wa Kirumba ni soko kubwa la samaki na dagaa, na upepo ukigeuka, dagaa watakutembelea hadi chumbani; wapo wanaozoea kwa wiki moja na wapo wasiozoea kamwe. Capri Point na Isamilo ni pazuri, ni karibu na mjini, na kodi yake inasema yenyewe.

Baada ya barabara, jambo la pili ni mwinuko. Kila anayefika Mwanza huvutiwa na nyumba zilizokaa juu ya miamba, hasa usiku taa zinapowaka mlima mzima. Kuzitazama ni jambo moja, kupanda kila siku na ndoo ya maji ni jambo jingine. Maji ya jiji yanatoka ziwani, kutoka chanzo cha zamani cha Capri Point chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku na kile kipya cha Butimba kilichoongeza lita milioni 48, lakini maji hayo lazima yasukumwe kwa pampu hadi kwenye matangi ya juu ndipo yashuke kwa wateja. Nyumba iliyo juu kuliko tangi la eneo lake, au iliyo mwisho wa bomba, hupata maji ya mwisho na yenye nguvu kidogo. Ziwa unaliona dirishani lote, na bombani hamna tone.

Dalali mmoja alinipeleka kuona nyumba ya vyumba vitatu juu ya mlima, ngazi za zege zikipita kati ya mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe. Ilikuwa na sebule pana na kibaraza kinachotazama ghuba. Mama mwenye nyumba alitupokea vizuri sana. Nikamwamkia, akaitikia, “Marahaba mwanangu, karibu, mko wangapi?” Nikamjibu, kisha nikauliza kuhusu maji. “Maji yapo,” akasema. Jibu hilo utalipata kila nyumba utakayoingia, na halina uongo ndani yake, ila halikusaidii. Nikauliza mara ya mwisho yalitoka lini na saa ngapi. Akacheka, akamgeukia binti aliyekuwa anafua uani. “Eti, maji yalitoka lini?” Binti akajibu bila kuinua kichwa, “Juzi usiku wa manane, tukajaza madumu.” Nilipotazama vizuri nikayaona: madumu ya njano yamepangwa ukutani korido nzima, mapipa mawili bafuni yamefunikwa kwa sinia, na chini ya sinki la jikoni ndoo yenye kata ikielea. Nyumba yenye maji ya uhakika haina kata jikoni.

Sisemi kwamba nyumba za mlimani hazikaliki. Zina hewa safi, mbu ni wachache kuliko mabondeni, na mwenye tangi la lita elfu mbili na pampu yake hana shida. Lakini uliza gari linafika wapi, kwa sababu pale linapoishia ndipo gharama nyingine zinapoanzia: kupandisha kitanda, friji na mtungi wa gesi kuna vijana wa kulipwa, na mgonjwa usiku atashushwa kwa kubebwa. Uliza pia choo kinamwaga wapi. Juu ya mwamba huwezi kuchimba shimo refu, kwa hiyo nyumba iwe imeunganishwa na bomba la majitaka au iwe na karo linalofikiwa na gari la kunyonya. Kama mwenyeji anababaika kujibu, zunguka nyuma ya nyumba ukaangalie mwenyewe mfereji unaelekea kwa nani.

Bondeni nako kuna maswali yake. Mto Mirongo, unaopita Mabatini na katikati ya mji kabla ya kuingia ziwani, ni mfereji mdogo wakati wa kiangazi na ni mto kweli wakati wa mvua kubwa. Tafuta nyumba msimu wa mvua ukiweza, Machi hadi Mei au Novemba na Desemba, na fika siku ambayo imenyesha asubuhi. Tazama kuta kwa ndani, chini, karibu na sakafu: rangi mpya iliyoishia usawa wa goti, huku sehemu ya juu ikiwa ya zamani, ina sababu yake. Waulize wenye maduka jirani, si mwenye nyumba.

Kuhusu kupanga karibu na ufuko wenyewe, jambo ambalo wageni wengi hulitamani, nasema taratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo nyumba nzuri iliyo hatua chache tu kutoka majini inaweza kuwa na matatizo ambayo mpangaji ndiye atakayeyabeba siku ya kuondolewa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na wengi waliojenga karibu mno walijikuta maji yameingia uani. Mwenye watoto aongeze kichocho katika hesabu yake, kwani watoto wakiishi jirani na maji ya kina kifupi yenye majani, hakuna ukali wa mzazi utakaowazuia kuingia.

Dalali utamhitaji, na kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja nyumba ikipatikana, pamoja na hela kidogo ya kukutembeza. Mwambie mapema barabara unayoitaka na usikubali kutolewa nje ya hiyo kwa maneno ya “hii ni karibu tu, bosi.” Nyumba moja madalali watatu wanaweza kuwa nayo, kila mmoja na bei yake, kwa hiyo mkifika kwa mwenye nyumba kaa naye mzungumze wenyewe kodi kamili ni ngapi. Wengi hudai miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Mgeni ambaye hajalala hata usiku mmoja mtaani hapo aombe miezi mitatu, hata ikibidi aongeze kidogo kwa mwezi. Miezi mitatu inatosha kujua baa ya jirani inafunga saa ngapi na spika za kanisa zinaelekezwa upande gani.

Umeme nao unahitaji mazungumzo ya wazi. Kama nyumba zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji kadhaa, mtagombana, kwa sababu mwenye friji na mwenye balbu mbili hawawezi kuchangia sawa, na mwenye friji siku zote husema friji yake haili umeme. Tafuta yenye mita yako, au angalau submita inayosomwa mbele ya wote.

Mkataba uandikwe, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kanisani kwenu. Ndani yake itajwe kodi na tarehe zake, notisi ya kila upande, nani analipia gari la majitaka, nani anatengeneza pampu ikiungua, na iwapo utanunua tangi kwa pesa yako basi litakatwa kwenye kodi au utaondoka nalo. Kisha nendeni pamoja ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti auone na kuugonga mhuri, nawe uandikishwe kama mkazi. Nenda na nakala ya kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka ulikohama, na uende asubuhi, kwa kuwa wenyeviti wengi wana shughuli zao na mchana huwapati ofisini.