Mahindi ya Sima na Mahindi ya Kuku Yapimwe kwa Kipimo Kimoja

Mjadala wa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba unapozuka hapa Mombasa, watu huuliza kwa jumla: je, ni salama au si salama? Swali likiulizwa hivyo halijibiki, kwa sababu wataalamu hupima aina moja moja ya badiliko la vinasaba, na jibu lililopatikana kwa aina moja haliwezi kuazimwa na nyingine. Mwongozo wa mwaka 2003 wa Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, unataka mmea mpya ulinganishwe na mwenzake wa kawaida ambao watu wameula kwa miaka mingi. Hulinganishwa protini, mafuta, nyuzinyuzi, vitamini na madini, hata asidi ya fitiki, ambayo huzuia mwili kufaidi madini yaliyomo katika nafaka. Tofauti ikionekana, hapo ndipo uchunguzi unapozidishwa.

Protini iliyoongezwa huchunguzwa peke yake. Mahindi ya MON810, kwa mfano, hutengeneza protini iitwayo Cry1Ab, iliyotokana na bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, nayo huua viwavi wanaotoboa mabua. Wachunguzi hutazama kama inafanana na protini zinazojulikana kuleta mzio, kisha huitia katika maji yenye asidi na kimeng'enya cha pepsini, kwa mfano wa tumbo la mtu, wapate kuona inavunjika upesi kiasi gani. Panya hulishwa mahindi yenyewe kwa siku 90. Kuku wa nyama nao hulishwa kwa siku 42, kwa kuwa hukua haraka mno, hivi kwamba upungufu wa lishe huonekana katika uzito wao.

Linalonishughulisha zaidi ni mpaka kati ya chakula cha watu na chakula cha mifugo. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha mahindi ya StarLink kwa mifugo na viwanda tu, kwa sababu protini yake, Cry9C, ilistahimili joto na haikuvunjika upesi katika majaribio ya tumbo, na ikahofiwa kwamba ingeweza kuleta mzio kwa watu. Mwaka 2000 mahindi hayo yalikutwa katika chapati za mahindi madukani, na bidhaa nyingi zikarudishwa. Watu 28 waliodhani wamedhurika walipimwa damu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 hayakuonyesha dalili ya mzio wa protini hiyo. Hata hivyo, funzo la wakaguzi lilikuwa zito: kibali cha mifugo peke yake hakilindiki, maana nafaka hukutana shambani, ghalani na kinuni. Ikiwa Marekani, yenye maghala makubwa na maabara tele, ilishindwa kuyatenga, sisi tutayatengaje, hali gunia lile lile huuzwa kwa mfugaji asubuhi na kwa mama wa sima jioni? Kwa maoni yangu, aina yoyote isiyofaa kwa binadamu isishushwe Kilindini kabisa, hata ikiwa imeandikiwa kuku.

Kenya ina sheria ya usalama wa kibayolojia tangu mwaka 2009. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, muda mfupi baada ya utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa kudai kwamba panya waliolishwa mahindi ya NK603, aina nyingine iliyobadilishwa vinasaba, walipata uvimbe. Kila kundi lilikuwa na panya kumi tu wa jinsia moja, tena wa ukoo ambao hupata uvimbe wenyewe wanapozeeka, na jarida likaiondoa makala hiyo mwaka 2013. Marufuku yaliondolewa Oktoba 2022, na mvutano ukahamia mahakamani.

Wakati huohuo, sumukuvu inaua. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, aina moja ya sumukuvu, na 125 wakafariki. Sumu hiyo pia hutoka katika chakula cha ng'ombe ikaingia katika maziwa, na unyevu wetu wa pwani wakati wa masika huilea vizuri sana. Mahindi yanayojikinga na viwavi mara nyingi huwa na fumonisini, sumukuvu nyingine, kidogo, kwa kuwa punje zisizotobolewa haziingiliwi kwa urahisi na kuvu wanaoitengeneza. Kwa aflatoksini, faida hiyo si ya kutegemewa. Kwa hiyo mizigo ipimwe vinasaba na sumukuvu kwa pamoja, badala ya kimoja kutajwa ili kingine kisahauliwe.

Kuhusu lebo, kanuni za mwaka 2012 zinataka bidhaa yenye zaidi ya asilimia 1 ya vinasaba vilivyobadilishwa iandikwe hivyo. Kwa unga wa pakiti hilo linawezekana, lakini wengi wetu hununua punje kwa kibaba, tukazipeleka kusagwa, na kibaba hakina lebo. Ulinzi wa mnunuzi huyo lazima ufanyike bandarini na ghalani, kabla gunia halijafunguliwa.